Miezi Minne ya Nani

Mmeniuliza wote swali moja, kanisani, sokoni, hata yule mama muuza maharage ambaye wala hatuzoeani: Mwalimu, huko Moa kulikuwaje? Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama juani na kapu mkononi, na kila nikisimulia nachanganya zaidi, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika. Habari za nauli na mizigo nimeziruka, hizo mnazijua. Nimeandika yale yaliyonivuruga kichwa, na mengine mpaka leo sijayaelewa.

Kwa asiyejua mwanzo wake, dada yangu Yustina aliolewa Moa, pwani kule karibu na mpaka wa Kenya, na mvuvi wa Kidigo aitwaye Bakari. Alisilimu, akaitwa Zuhura, akakaa huko mpaka sisi tukazoea kumwona kwa nadra. Mwaka huu shemeji Bakari akafariki. Tulipigiwa simu asubuhi. Sasa mnajua sisi wa milimani, mtu akifa tunamsubirisha: watoto waje kutoka Dar, mchungaji apatikane, sufuria kubwa ziazimwe. Nikapanga kuondoka kesho yake, tena nikijiona nimefanya haraka sana. Nilipofika Moa, walikuwa wamemzika jana yake, alasiri ya siku ile ile aliyokufa. Nilikuta watu wanaosha vyombo. Uani mwanamke mmoja, asiyejua mimi ni nani, alikuwa anamwambia mwenzake, "Maskini Zuhura. Kazikiwa mume, asije hata mtu mmoja wa upande wake. Hana kwao yule."

Maneno yale yaliniingia. Dada alikuwa ndani, ameshakaa eda, na nilipoingia kumpa pole alinishika mkono akasema, "Basi siku ya kutoka, uje unitoe mlangoni weye. Watu wakuone." Nikamwapia kwamba nitakuja. Moyoni nikaongeza langu, kwamba nikishamtoa mlangoni namleta nyumbani Lushoto moja kwa moja. Nilimwandalia chumba, nikakipaka rangi, nikamwekea kitanda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hilo hata sisi Walutheri tunalijua. Nikaishusha kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, pale pale mama alipozoea kuitundika, nikahesabu miezi minne na siku kumi, nikaangukia Jumanne. Nikaamua niondoke Alhamisi ya kabla yake, nipumzike Tanga kwa rafiki yangu, ninunue kanga, na Jumatatu niwe Moa nimetulia. Nimefundisha hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu. Sikuona pa kukosea.

Lushoto kushuka Mombo

Kondakta alisema basi linaondoka saa moja. Saa moja ilitukuta tumeshakaa, injini inanguruma, na kazi ya kupakia viroba vya kabichi juu ya basi ndiyo kwanza inaanza. Kila kiroba kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka chake kiwe juu ya cha mwenzake. Nilimwuliza kondakta hiyo saa moja yake ni ya wapi. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, tukishaondoka ndiyo saa moja."

Pembeni yangu alikaa mwanamke mgeni, mrefu, amejitanda shuka jeupe la pamba. Nikadhani Msomali, nikamwambia asalaam aleikum. Akacheka, akanionyesha msalaba shingoni. Alikuwa Mhabeshi, anaitwa Almazi, yuko Lushoto kwa kazi ya mbegu za mboga, na alikuwa anakwenda Tanga mjini kwa wenzake wa Mabawa ili akaione bahari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota neno hapa na neno pale, lakini hakuogopa kukisema.

Nilimsifu kwa kufika kwa wakati. Mnajua wageni wetu, ukiwaambia saa mbili asubuhi wanakuja saa nane mchana, au wanakesha wakisubiri usiku. Yeye alikuwepo saa moja kamili. Nikamwambia, "Umeshaizoea saa yetu."

"Si yenu," akasema. "Kwetu pia iko hivi. Jua limetoka, unahesabu moja, mbili. Hawa wengine ndiyo wanahesabu kutoka usiku. Nani anaamka usiku kuhesabu?"

Nikafurahi sana kupata mtu mwenye akili timamu. Furaha haikudumu, maana tulipofika kwenye kona za Soni akaniambia kwamba kwao mwaka huu si mwaka huu. Wao wako nyuma yetu miaka saba na kitu. Nikamwuliza mara tatu kama nimemsikia vizuri. Akasema ndiyo, miaka saba na kitu, na miezi yao ni kumi na mitatu, huo wa mwisho una siku chache tu za kuchovya.

"Na anayezaliwa mwezi huo?"

"Mama yangu," akasema.

Nikapiga hesabu. Hatimaye nikamwambia kwa shangwe kwamba, basi, mimi nikihamia kwao nitakuwa nimepungua miaka saba. Almazi alinitazama kwa huruma. "Hapana, mama," akasema. "Hata kuzaliwa, ulizaliwa miaka saba nyuma." Nilitazama nje ya dirisha mpaka Mombo. Ualimu wote ule.

Mombo hadi Tanga

Mombo tulibadilisha gari, na Korogwe tukasimama tule. Nilinunua kuku wa kukaanga na mayai, nikamkatia Almazi paja. Akakataa. Nikambembeleza, nikidhani anaona haya. Akasema amefunga. Nikaomba radhi, nikaficha kuku wangu, na nilipogeuka nikamkuta anatafuna muhogo wa kuchoma na chumvi yake.

"Si umefunga?"

"Nimefunga. Hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa. Mpaka Krismasi."

Nikamwambia si mbaya, Krismasi si mbali. Akasema ya kwetu ndiyo si mbali, ya kwao ni mwezi wa kwanza. Nikamwuliza, Yesu ni huyu huyu? Akasema ni huyu huyu. Basi nikala kuku wangu, nimempa mgongo.

Karibu na Muheza gurudumu likatoboka. Tulishuka wote, wauza machungwa wakatuzunguka, na fundi wetu ilionekana hajawahi kuliona gurudumu maishani mwake. Tulikaa chini kando ya barabara tukimenya machungwa. Hapo ndipo Almazi aliponiuliza ninakokwenda, nami nikamweleza habari ya dada, eda, mkono mlangoni, na ile Jumanne yangu. Alisikiliza kwa makini, akameza chungwa lake, kisha akauliza jambo dogo tu.

"Miezi minne. Miezi ya nani?"

"Ya nani kivipi? Miezi."

"Miezi yako, au miezi yao?"

Nikamwambia mwezi ni mwezi. Lakini kusema kweli nililiweka chungwa chini. Mwanamke huyu ndiye aliyeniambia asubuhi ile kwamba mwaka si mwaka, na hakuwa mwongo. Nikapiga simu ya dada, namba haipatikani. Nikapiga tena baada ya gurudumu kufungwa, haipatikani. Tuliingia Tanga jua limezama, Almazi akashuka Mabawa akinipungia mkono, na mimi nikaendelea Ngamiani nikiwa na wasiwasi ambao sikuuweza hata kuutaja.

Ngamiani

Bi Tunu tulisoma naye chuo cha ualimu. Yeye ni wa Ngamiani kwa kuzaliwa, na mumewe, Mzee Sefu, ana duka la vifaa vya baiskeli upande wa mbele wa nyumba. Walinipokea vizuri, kama siku zote. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mkate wa kumimina wa kunywea chai. Nilimwamkia Mzee Sefu shikamoo, akaitikia, na kabla sijamaliza kunawa mikono nikamwuliza Tunu swali la Almazi: eda inahesabiwa kwa miezi ipi?

Tunu akaweka kijiko chini. "Weye umehesabu kwa ipi?"

"Ya kalenda."

"Kalenda ya ukutani? Ya Januari, Februari?" Akajishika kifua. "Eunike! Eda ni miezi ya mwandamo. Mwezi wa mbinguni! Ule una siku ishirini na tisa, au thelathini, hauna thelathini na moja."

Ndugu zangu, mkono ulibaki ndani ya maji ya kunawa. Mwezi mmoja ukiupunguza siku moja, wa pili siku moja au mbili, ukifika wa nne umeshakosa siku za kutosha. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Jumanne yangu ilikuwa imechelewa.

Tunu akaanza kuhesabu kwenye vidole. Alikumbuka nilivyompigia simu siku ya msiba, na kwake siku ile ilikuwa mwezi nne Mfungo Tano, yaani siku ya nne ya mwezi huo. Hii Mfungo ndiyo miezi ya watu wa pwani, wanaihesabu tangu Ramadhani ilipoisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hivyo hivyo mpaka Tisa. "Tano, Sita, Saba, Nane," akasema, "mwezi nne Mfungo Tisa miezi minne imetimia. Tia siku kumi. Kumi na nne. Nayo ni kesho."

"Kesho?" Mzee Sefu akauliza. "Kumi na nne ilikuwa leo."

"Kwako weye."

"Kwangu mimi na dunia nzima."

Nikawatazama mmoja baada ya mwingine. Kumbe katika nyumba ile kuna miandamo miwili. Mzee Sefu anafuata mwezi ulioonekana popote duniani, hata kama hapa Tanga hakuna aliyeuona. Tunu anasubiri uonekane hapa hapa nyumbani. Wanalala kitanda kimoja na tarehe mbili. Sikukuu wanakula siku mbili, na Tunu ananiambia haoni ubaya wowote, maana siku ya mumewe anampikia akiwa bado amefunga, na siku yake mumewe anamletea zawadi.

"Sasa Moa wanafuata ipi?" nikauliza.

Hakuna aliyejua.

"Basi kama ni kesho," nikasema, "nikiondoka kesho mapema namwahi."

Tunu akakuna kichwa. "Ila kesho yenyewe, shoga yangu, imeshaingia. Magharibi si imeshaadhiniwa? Huu ni usiku wa Ijumaa."

"Leo ni Alhamisi!"

"Mchana ulikuwa Alhamisi. Jua limezama, tumeingia Ijumaa. Siku inatanguliwa na usiku wake."

Hapo nikaweka mikono yote miwili kichwani. Sisi tunasubiri usiku wa manane ndipo siku igeuke, na tukiwa tumelala hata hatuioni. Wao siku yao inageuka watu wakiwa macho, wanakula. Kwa hiyo dada yangu ama alikuwa ametoka mchana ule nikiwa namenya machungwa Muheza, ama alikuwa anatoka wakati ule ule nikila samaki wa kupaka, ama angetoka kesho yake ambayo tayari ilikuwa leo. Nililia pale mezani. Nilimwambia Tunu kwamba nilichelewa mazishi kwa sababu ya desturi zetu, na sasa nachelewa tena kwa sababu ya kalenda yetu, na watu wa Moa watasema tena kwamba dada yangu hana kwao, na safari hii watakuwa na haki. Mzee Sefu akanisogezea chai. "Kunywa, mwalimu," akasema. "Alfajiri utakwenda."

Barabara ya Horohoro

Alfajiri sikwenda. Tunu aliapa kwamba mjane haendewi mikono mitupu, kwamba lazima apate kanga mpya na udi. Duka la kanga alilolitaka lilifunguliwa watu wameshachoka kusubiri, na ndani yake Tunu alikataa jozi moja baada ya nyingine, hii maandishi yake ni ya kuchokoza, hii rangi ya kizee. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa. Mwishowe nikachukua jozi ya kijani bila kuisoma, nikatoka mbio, na Tunu akanifuata nyuma na udi.

Gari la kwenda Horohoro, mpakani, nililipata, tena lilikuwa na nafasi. Nikakaa mbele. Dereva akazima injini. Nikamwuliza tunaondoka saa ngapi, akasema, "Tukishatoka msikitini, mama. Leo Ijumaa." Nikamwambia nina haraka. Akanijibu kwa upole kwamba hata yeye ana haraka, ndiyo maana anawahi sala. Akaenda. Nikabaki ndani ya gari mimi na mbuzi mmoja aliyefungwa kiti cha nyuma. Nilimpigia dada simu mpaka mbuzi akanizoea. Haipatikani.

Wakati ule nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia dereva, nikamkasirikia mwezi, nikaikasirikia kalenda ya kanisa iliyotulia ukutani kwangu na picha yake ya kondoo. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana dada angeweza kuniambia siku gani, lakini sikumwuliza hata mara moja. Nilijua miezi minne ni miezi minne. Mtu hamwulizi mwenzake mbili na mbili ni ngapi.

Tuliondoka baada ya sala. Kwenye njia panda ya kuingia Moa nikashuka, nikapanda bodaboda ya baba mmoja mtu mzima mwenye kofia ya sufu na jua lote lile. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Mara mbili nilishuka nikasukuma, na mara moja tulianguka wote kwa utaratibu, pikipiki ikalala, sisi tukakaa. Udi nilikuwa nimeushika juu.

Tulipokuwa tunajifuta, simu yangu ikalia. Nikadhani ni dada. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Kenya, na kunitakia makazi mema nchini humo.

"Baba," nikamwambia dereva, na sauti ilinitoka nyembamba, "umenivusha mpaka?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Siye tupo kwetu, mama. Simu ndizo zavuka. Huku zashika mitambo ya Kenya, kumpata mtu ni kazi."

Angalau hilo nikalielewa, kwa nini dada hapatikani. Nikapanda tena. Jua lilikuwa limeshainama, na sasa nilijua vizuri kabisa kwamba likizama tu, siku yenyewe imekwenda.

Mlangoni

Nyumba ya dada nilifika kabla ya magharibi, tope mpaka magotini. Barazani alikaa wifi yangu Mwanasha, dada yake marehemu, anapepeta mchele na uso umekunjamana. Sikusalimu hata kusalimu. Nikamwuliza, "Wifi, ameshatoka?"

"Eda imesha tangu jana," akasema. "Jua lilipozama, imesha. Mwalimu wa madrasa kaja kasoma dua, siye twapika pilau, majirani waja."

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Nikamwambia nimekuja kumtoa, nilimwahidi, nimechelewa, anisamehe. Nilikuwa nasema na machozi yananitoka.

"Hebu nyamaza kwanza," Mwanasha akasema. "Kesha kwisha eda, nimesema. Sijasema katoka."

Nikamwangalia.

"Kaoga. Kavua nguo za eda, kavaa. Katiwa na udi. Halafu kafika hapo mlangoni, kasimama. Twamngoja avuke. Kakataa! Asema hatoki mpaka Jumanne. Pilau lote lile, wifi! Watoto ndio waliokula. Mwalimu kamwambia, Bi Zuhura, kuzidisha eda haifai. Weye wajua alivyomjibu? Asema, eda nimemaliza, mwalimu, sasa nimekaa tu nyumbani kwangu. Kukaa nako kwakatazwa? Mwalimu wa watu kaondoka na juzuu yake."

Niliinuka. Sikuelewa. Kwa nini Jumanne? Jumanne ilikuwa yangu, ilikuwa ya kalenda ya ukutani, ya kondoo, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa Moa. Nikasogea kwenye mlango, na ndani gizani nikamwona dada yangu amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni jipya, kama mtu anayesubiri gari. Akainua macho. Akashtuka kuliko mimi.

"Eunike! Mbona umewahi?"

Tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa swali lililonichanganya kama lile. Nikamwambia sijawahi, nimechelewa, siku imepita tangu jana. Nikaanza kumweleza mwandamo, na Tunu, na Mfungo Tisa. Akanikatiza kwa Kishambaa, lugha ambayo nilidhani ameshaisahau.

"Hayo ya mwandamo naishi nayo," akasema. "Weye ndiye huyajui. Nilijua utashusha kalenda ya mama ukutani uhesabu kwayo, nikahesabu na mimi, nikaona utaangukia Jumanne. Simu haishiki. Nikasema basi, nitakungoja kwa hesabu yako."

Mimi nilikuwa nimekimbia milima, gurudumu, msikiti na tope ili nimfikie kwa hesabu yao. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, anagombana na ukoo mzima wa mumewe, akinisubiri kwa hesabu yangu. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kujua lipi lilianza. Mwanasha, ambaye hakuelewa Kishambaa hata neno moja, alitutazama kwa zamu kisha akasema, "Sasa atoka au hatoki? Jua hilo laondoka."

Nikamnyooshea mkono. Mkono wangu ulikuwa na tope, nikataka kuufuta, yeye akaushika hivyo hivyo. Tukavuka kizingiti. Mwanasha akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kabla hakijaisha wanawake walikuwa wanatokea kwenye nyumba za jirani, wengine na miiko mkononi. Yule wa uani wa siku ya msiba nilimtambua. Alinitazama juu mpaka chini, tope na vyote.

"Huyu ndiye nani?"

"Mdogo wangu," dada akasema. "Tumbo moja. Katoka Lushoto kuja kunitoa."

"Wafanana," mwanamke akasema, akanipa mkono. Kanga nilimfunga dada pale pale nje, na walipoisoma wakacheka wote. Mpaka leo hakuna aliyeniambia iliandikwa nini, na mimi kwa aibu sikuigeuza kuisoma.

Siku nilizobaki

Jioni ile ile, baada ya kula, nilimweleza dada habari ya chumba. Nilimwambia kina dirisha linalotazama migomba, na nimekipaka rangi ya maziwa. Alinisikiliza vizuri, akauliza na habari za baridi. Nikamwambia baridi ipo, lakini blanketi lipo pia. Kisha akasema, taratibu, kwamba haji.

Nilikasirika. Sitaki kuwaficha hilo. Nilimwambia mume hayupo, watoto hakujaliwa, bahari yenyewe haivui, sasa hapa amebaki na nani? Na mbona alinisubiri kwa hesabu ya mama yetu kama si kwamba anataka kurudi? Nilipandisha sauti mpaka Mwanasha akanyamaza huko jikoni.

"Nilikungoja kwa sababu weye ni ndugu yangu," dada akasema. "Kungoja mtu si kuhama. Waniuliza nimebaki na nani. Jana hawa walinipikia pilau, nikakataa kutoka. Nimewaaibisha mbele ya majirani na mwalimu wao. Leo umekuja, nimetoka, na hilo ulilokula ni nini?"

Lilikuwa pilau. Mwanasha alikuwa amelipika upya, huku akilalamika, huku akinung'unika kwamba mchele wa watu unaliwa kwa kalenda mbili. Ule aliokuwa anaupepeta nilipofika ndio niliokuwa nao tumboni. Nikaomba maji.

Nilikaa mpaka Jumanne. Jumamosi dada alinipeleka kaburini kwa shemeji Bakari. Nilimlilia shemeji siku ile, miezi minne na ushei baada ya wenzangu kumaliza, na hakuna aliyeniambia nimechelewa. Siku zilizofuata tulikula muhogo wa nazi na samaki taa wa kukaanga, tukasukana nywele, tukamsema kila mtu wa Lushoto tunayemjua, nanyi mmo. Mwanasha alitaka kujua kila kitu kuhusu Almazi, na hasa kama kweli kuna nchi yenye miezi kumi na mitatu, na wajane wa huko wanafanyaje.

Jumanne asubuhi walinisindikiza wote wawili mpaka njia panda. Tope lilikuwa bado, wakawa wanashikana mikono ili wasiteleze, yule anamwambia huyu apite huku, huyu anamwambia yule amevaa ndala gani hizo. Hawakuniangalia hata mimi. Nilisimama mbele yao nikisubiri gari, nikamwona dada yangu anamfunga wifi yake ushungi vizuri uliokuwa umelegea kwa upepo, bila hata kukatisha maneno.

Chumba nimekiacha kilivyo, akija kututembelea atalala humo. Lakini msiniulize tena anarudi lini kwao, maana ndiko aliko.